Uliza kwanza habari ya sufuria

Watu wa Lushi (Lubumbashi, huku Kongo) tunapenda kuongea, hiyo haina mjadala. Mtu anakushika mkono pale soko ya Kenya, ile komuni ya hapa mjini, anakueleza mambo ya shemeji yake, deni za shemeji, ugonjwa wa shemeji, mpaka nyanya ulizonunua zinaanza kulainika kwa jua. Lakini huyo huyo ukimwambia basi kaa, tusimulie kitu kilichokupata wewe mwenyewe, ananyamaza. Anaanza kujikuna shingo. "Aaah, mi sina hadithi bwana, maisha yangu ni ya kawaida, kazi, nyumba, misa ya dimanshi." Hayo maneno nimeyasikia kwa mwalimu, kwa fundi wa simu, kwa mama mkwe wangu, na kwa kijana mmoja aliyekuwa ametoka Kasumbalesa asubuhi ile ile, amelala chini ya lori kwenye ile foleni ya mpaka wa Zambia, ameibiwa viatu, amerudi mjini na ndala za kuazima, na bado ananiambia hana ya kusimulia. Nilimwangalia miguu tu.

Sisi huku Katuba tuko na kakikundi ketu, si shirika, hatuna prezida wala mihuri, ni majirani na marafiki tunakutana jumamosi jioni kwenye lupango (uwanja wa nyumba) ya mmoja wetu, mbabula (jiko la makaa) katikati juu umeme hauaminiki, kuna munkoyo ya kunywa, na mwenye hela kidogo anatuma mtoto alete samaki, thomson ya kukaanga. Sheria ni moja: usimulie jambo la kweli na wewe mwenyewe uwe ndani yake. Si la jirani, si lile ulilosoma watsapu. Ukisha kumaliza watu wanakuuliza maswali, alafu anafuata mwingine.

Mwanzoni kila mtu alileta mambo makubwa makubwa. Mazembe (timu yetu ya mpira) ya 2010 tulisimuliwa mpaka tukachoka. Na mi sikatai, ilikuwa kubwa: tarehe 14 Desemba 2010 kule Abu Dhabi, TP Mazembe wanawapiga Internacional ya Brazil 2-0, Kabangu anafunga, Kaluyituka anafunga, timu ya kwanza ya Afrika kuingia fainali ya Kombe la Dunia la vilabu, na kipa Kidiaba anarukaruka na makalio uwanjani dunia nzima inashangaa. Fainali Inter ya Italia wakatupiga 3-0 lakini hiyo sehemu hapa mjini huwa inarukwa. Sasa shida iko wapi, shida ni kwamba hiyo hadithi ni ya kila mtu, ukiisimulia hapa Lushi unawapa watu kitu wanachokijua kukupita, na shabiki wa Lupopo, timu pinzani ya hapa mjini, aliyekaa kwenye kona anangoja tu useme neno vibaya akukatize.

Mpaka jioni moja dada mmoja wa kikundi akasema yeye ile mechi hakuiona. Wote tukageuka. Hakuiona kivipi, na nyumbani kwao ndiko kartie (mtaa) nzima ilikusanyika? Akasema alikuwa nje, anashika antena. Alikuwa na miaka kumi na kitu hivi, na kila akiachia ule mti picha inakimbia, na wanaume ndani wanapiga kelele "usitikisike we mtoto!", basi akasimama pale ukutani kipindi chote cha pili, mkono juu, mkono ukichoka anabadilisha mwingine pole pole, mbu wanamla. Goli la kwanza alilisikia kupitia dirisha. La pili watu wakatoka mbio nje wanaimba, wanamwagiana maji, wanakimbilia barabara, na hakuna hata mmoja aliyemwambia achia, kwa hiyo yeye akaendelea kushika. Alikuja kumtoa shangazi yake. Mpaka leo ndugu zake wakianza kusema "tuliiona ile mechi" anawajibu, "nyie mliiona, mi niliishika."

Tulicheka mpaka machozi, alafu yule wa Lupopo ndiye aliyeomba aisimulie tena. Na mi nikakaa nikawaza, huyu dada amekuja hapa jumamosi nyingi anasema hana kitu. Mechi yenyewe alikuwa nayo kichwani siku zote, sema alikuwa anaisimulia kama inavyosimuliwa redioni, na matokeo na wafungaji, wakati ya kwake ilikuwa pale nje kwenye ukuta.

Ila kumbukumbu hizi haziji kwa kuitwa jina. Hilo ndilo jambo ninaloliamini kuliko yote kwenye haya mambo ya kusimulia: ukimuuliza mtu swali pana atakupa jibu pana, na jibu pana halina mtu ndani.

Kwenye avenyu yetu kuna mama mmoja mzee, Mkasai, yaani asili yake ni Kasai, zamani aliishi Likasi. Mnaojua historia ya huku mnajua 1992 na 1993 ilikuwaje, Wakasai wanafukuzwa Likasi na Kolwezi, watu maelfu wamelala kwenye gari (stesheni za treni) wiki na wiki, wanangoja treni iwapeleke Kasai ambako wengine walikuwa hawajawahi hata kufika. Yeye alipanda, akakaa huko miaka, alafu akarudi akajipanga upya huku Lubumbashi. Vijana wa avenyu wamemuuliza mara nyingi, "Mama, ile wakati ilikuwa aje?" Jibu ni lile lile. "Tuliteseka, mwanangu. Mungu alitusaidia." Basi. Anarudi kwa mboga zake. Na mtu anaondoka akifikiri mama hataki kuongea, au amesahau.

Jumamosi moja alikuja kukaa na sisi juu tu ya kuota moto, ilikuwa mwezi wa sita na mnajua baridi ya Lushi mwezi wa sita si ya mchezo. Msichana mmoja aliyekuwa anageuza bukari (ugali) akamuuliza bila hata kumwangalia, "Mama, pale gari mulikuwa munapikia mu nini?"

Mama akasema, "Ile sufuria haikukuwa yetu."

Na hapo akafunguka. Walipotoka nyumbani walibeba sanduku moja, na kichwa cha mashine ya kushona, bila meza yake, na godoro. Sufuria hakuna aliyekumbuka. Pale gari jirani yao wa upande wa kushoto, mama mwingine wasiyejuana, alikuwa na sufuria lakini hana mbabula, wao walikuwa na mbabula, basi wakaungana: asubuhi anapika yule, jioni wanapika hawa. Wakagombana mara moja juu ya nani aliunguza chini. Wakapatana juu hakuna pa kwenda. Alitaja mtoto mchanga mara moja katikati ya maneno, akapita, na hatukumuuliza.

Alafu treni ikaja. Ilikuwa jioni, kwa hiyo sufuria iko upande wake, maji ya bukari yanachemka, na watu wanaanza kukimbia, na yule jirani anapanda na watoto wake, anasukumwa ndani kama mzigo. Mama akamwaga maji, akafunga sufuria na kitenge juu iko moto, akaanza kukimbia kando ya behewa anaita, jina la mwenyewe hata hakulijua vizuri, alikuwa anamwita Mama fulani kwa jina la mtoto wake mkubwa. Akamwona dirishani. Akainua ile sufuria. Na yule mwanamke kule juu akamrudishia kwa mkono, hivi, kama unamfukuza kuku, anasema: "Bakia nayo! Mutapikia nini kesho?"

"Njo ile munaona pale kwangu," akamalizia. "Napikia paka mule matamba (majani ya mihogo). Mwenyewe sikumuona tena." Alafu akaanza kutufokea kwamba bukari yetu ina madonge.

Zile "tuliteseka" zote hazikuwa uongo. Ila swali la "ilikuwa aje" lilikuwa linamdai abebe 1992 nzima kwa mara moja na hakuna anayeweza, na lile la sufuria lilimwomba kitu cha kushika kwa mikono miwili.

Baada ya hapo tulianza kuuliza hivyo makusudi. Mlikuwa mnalala wangapi kwenye chumba kile na nani alilala upande wa ukuta. Viatu vya shule vilikuwa vya nani kabla havijawa vyako. Hela ikiisha, kitu gani kilikuwa kinauzwa cha kwanza nyumbani. Nani alikuwa anapewa kichwa cha samaki. Hilo la samaki usiliulize kama watu wana haraka, kuna familia limewakalisha mpaka usiku juu bado hawajaelewana.

Foto za zamani hazinisaidii sana, nisema ukweli. Watu wengi wanakimbilia albamu, lakini kwenye foto za kwetu kila mtu amevaa nguo ya sikukuu, amesimama wima mbele ya maua ya studio, uso umekauka. Mpiga picha alifanya kazi yake ya kufuta kila kitu nilichokuwa nakitafuta. Afadhali risiti ya zamani, au kitabu cha madeni ya duka, au harufu ya mafuta ya ngazi (mawese) yakianza kuungua.

Nilikuja kusoma kwenye simu kwamba kuna Mwingereza mmoja, Francis Galton, mwaka 1879 alijiandalia orodha ya maneno 75, akawa anafunua neno moja, anangoja aone linamletea nini kichwani, anaandika, anafunua lingine. Akakuta mengi kati ya yaliyokuja yalikuwa ya utoto na ujana wake. Nikacheka peke yangu, juu kambo wangu (babu) hakuhitaji orodha, yeye alikuwa na picha ukutani.

Vijana hamzijui hizi. Miaka ya sabini nyumba nyingi za wafanyakazi hapa Katanga zilikuwa na picha ya kuchora saloni (sebuleni), mafundi walikuwa wanachora kwenye magunia ya unga, wanazungusha mjini wanauza bei ya mtu wa kawaida. Ziliitwa ukumbusho. Kulikuwa Mamba Muntu, yule mwanamke nusu samaki, na kulikuwa Colonie belge, mfungwa amelala chini askari anampiga fimbo na mzungu amesimama anaangalia. Tshibumba Kanda-Matulu ametoka humo humo, yule aliyechora historia ya nchi nzima kwenye picha karibu 100 mwaka 1973 na 1974. Watu wa makumbusho leo wanazitunza kama dhahabu lakini kazi yake pale saloni ilikuwa rahisi: mgeni anaingia, anakaa, hana la kusema, macho yanapanda ukutani, anauliza. Na mwenye nyumba anaanza.

Ya kambo ilikuwa Colonie belge. Na cha ajabu, mgeni akiuliza juu ya fimbo, kambo hakuwa anaongea fimbo. Alikuwa anaenda moja kwa moja kwenye posho, enzi za Union Minière, kampuni ya migodi ya Wabelgiji, kila wiki wanapimiwa unga, mafuta, samaki, na jinsi mke wake, nyanya yangu, alikuwa anajua kumwangalia mpimaji machoni bila kupepesa mpaka mpimaji anaona haya anaongeza. Ile picha sijawahi kuona uhusiano wake na macho ya nyanya mpaka nilipokuwa mkubwa. Kwa kambo vilikuwa kitu kimoja: nani anapima, nani anapimiwa.

Na tusijifanye sisi wa intaneti ndio tumegundua kwamba mtu wa kawaida ana ya kusema. Mwaka 1965 watu waliokuwa maboi kwenye nyumba za wazungu hapa Elisabethville (jina la zamani la Lushi) waliandika historia ya mji kwa Kiswahili chetu hiki hiki cha huku, André Yav ndiye aliyekusanya. Mji wa Wabelgiji, ukasimuliwa na watu waliokuwa wanawapikia.

Sasa ya kwangu. Baada ya hadithi ya Galton tulianza mchezo wa maneno, mtu anachomoa karatasi kwenye kofia, neno moja, na unasimulia kitu cha kwanza kilichokuja. Mi nikachomoa "nyundo". Nikakaa kimya nikaona sina kitu, mi si fundi, babangu hakuwa fundi. Alafu ikaja sauti. Usiku, mi niko mdogo niko kitandani, na kule jikoni kitu kinagonga, ko, ko, ko, pole pole kama kinafichwa kwenye kitambaa. Na mwanga wa kibatari chini ya mlango. Ni hivyo tu, sikuwa na zaidi, nikawaambia wenzangu naomba mnisubiri jumamosi ijayo, nikaenda kumuuliza Mama.

Mama yangu aliuza unga wa mahindi sokoni miaka mingi. Kwa asiye wa huku, unga kwetu unapimwa kwa meka, unasema nipe meka moja, nipe meka mbili, kila muuzaji ana ya kwake, na ya Mama ilikuwa ya bati. Nikamuuliza ile kelele ya usiku ilikuwa nini. Akaniangalia. "Nani alikuambia?"

"Hakuna. Nilisikia."

Akacheka, akafunika mdomo na kitenge, akacheka tena. Kumbe alikuwa anapiga chini ya meka. Anaigeuza, anafunika na kitambaa ili majirani wasisikie, anagonga kitako kiingie ndani kidogo. Ukigeuza meka hivyo ikijazwa juu inaonekana nzima kabisa, ila chini kuna kakilima kamekaa mahali pa unga.

Mjue ilikuwa wakati gani. Mahindi na unga mwingi wa Lushi unatoka Zambia, na Zambia wakifunga mahindi yao huku bei inaruka, na yule wa mwisho mwenye meka mkononi ndiye anayetukanwa na kila mteja kana kwamba yeye ndiye amefunga mpaka. Babangu wakati ule alikuwa hana kazi. Mama anasema ukiuza gunia kwa meka ya haki ulikuwa unarudi nyumbani na hela pungufu ya ile uliyoondoka nayo.

"Lakini mi nilipiga kidole moja tu," akanionyesha kidole. "Bengine balikuwa banapiga bidole tatu, mpaka meka inakuwa sahani."

Nikamuuliza, basi Mama ulikuwa unaiba? Akafikiri. Swali hakulikimbia, namheshimu kwa hilo. Akasema wenye watoto wengi aliwajua wote, na hao walikuwa wanawekewa matabishi (nyongeza) juu, konzi moja, konzi mbili, mpaka kile kidole kinarudi chote. Kwa hiyo kilibaki cha nani? "Ya benye motokari," akasema.

Nikaomba ruhusa kuisimulia. Hii sehemu watu wengi wanairuka na mi naona si sawa, kumbukumbu ni yako lakini mtu aliye ndani yake bado anaenda kanisani na anaangaliwa na watu. Mama akanipa masharti mawili. Soko isitajwe. Na matabishi isisahauliwe, nikisahau matabishi nimemuaibisha.

Haikuishia hapo, juu kaka yangu aliposikia akapinga kabisa. Anasema yeye aliona kwa macho yake, aliyekuwa anagonga ni Papa, na hakuwa na nyundo, alikuwa na jiwe. Tulibishana kwenye simu mpaka kredi ikaisha. Nikarudi kwa Mama. Akasema wote wawili tuko sawa, alianza yeye, siku moja akajigonga kidole gumba, Papa ambaye alikuwa amekaa miezi anajifanya haoni chochote akanyanyuka, akachukua jiwe, akasema lete. Hakuongea kitu kingine. Akagonga, akampa, akaenda kulala.

Kama kaka asingebisha ningekuwa na hadithi ya mama mjanja wa sokoni, ya kuchekesha, watu wanapiga makofi. Sasa niko na ile ya Papa kusema lete. Tangu siku hiyo nikipata kumbukumbu yoyote ya nyumbani nampelekea kaka kwanza, najua atakataa.

Kuna ugonjwa mmoja lazima niuseme, wa kuongeza chumvi. Tuna rafiki, dereva wa taksi, ana hadithi nzuri sana ya abiria aliyesahau viazi kwenye gari lake, na kila akiisimulia kitu kinaongezeka, viazi vikawa mbuzi, mbuzi akawa na hela kwenye kamba ya shingo, juzi polisi wameingia. Mi nataka ile ya viazi. Ile ya viazi alikuwa anazunguka kartie usiku anagonga milango ya watu anauliza "nani amesahau viazi", na watu waongo wanasema ni mimi, na yeye anawauliza vilikuwa vingapi. Hiyo inatosha kabisa! Lakini anaona viazi ni aibu.

Mi siku hizi niko na kakaye kadogo (daftari), jioni naandika mistari miwili ya kitu kilichonishika siku hiyo, hata kama ni upuuzi, na siku nyingi ni upuuzi kweli: "mtoto wa jirani amekataa kuoga mpaka apewe koti", "mzee wa pembeni ananyoa ndevu akiangalia kioo cha moto (pikipiki) ya mtu". Sivisomi. Vinakaa tu, na wakati mwingine baada ya miezi mtu anachomoa neno kwenye kofia na nakumbuka kuna koti mahali.

Maneno ya jumamosi hii, kama unataka kujaribu kwenu: ufunguo, kiatu cha kuazima, na siku umeme uliporudi. Anza na lile lisilokuletea kitu. Mi nimechukua ufunguo, na tayari kaka amenitumia vokali (ujumbe wa sauti) ya dakika nne anasema ule mlango haukuwa wa bluu.